Mwalimu wa Fizikia na Daftari la Makosa

Mwalimu wa Fizikia hakuanza kipindi kwa maneno. Aliingia, akasimama mbele ya meza, akaanza kutoa vitu mifukoni. Mfuko wa kulia wa suruali, wa kushoto, kisha ule mkubwa wa koti alilolivaa hata wakati jua lilipokuwa linapasua udongo mweusi wa mbugani. Alitoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio, nyaya, dainamo ya baiskeli, balbu ya tochi, kipande cha mpira wa ndani wa tairi, na katikati ya vyote hivyo michembe mitatu, vile viazi vilivyokaushwa tunavyotafuna huku kwetu asubuhi. Michembe aliirudisha mfukoni. Vingine alivisukuma kuelekea kwetu.

"Shikeni," alisema. "Maneno yatakuja."

Viganja vyake vilikuwa na makovu madogo ya risasi ya kulehemu, yaliyong'aa kama magamba ya samaki. Ukucha wa kidole gumba cha kulia ulikuwa mweusi mwaka mzima. Akifundisha, mikono hiyo haikutulia. Ilichora hewani, ilikunja waya, ilipapasa meza kutafuta kitu ambacho kilikuwa tayari mkononi mwa mwanafunzi.

Ukimtaja leo pale Dutwa, ambako shule yetu ilikuwa karibu na barabara ya kwenda Bariadi, watu watakuambia, "Aa, yule aliyeponza jicho la binti wa watu. Yule ambaye hakuuliza." Wanasema hivyo bila chuki, kama mtu anavyokuonyesha njia. Imekuwa ndiyo anwani yake.

Aliuliza. Aliniuliza mimi, mara mbili, na mara zote mbili nilimdanganya. Kwa miaka tisa nimeliacha jina lake libebe kosa langu.

*

Nilikaa dawati moja na Kabula. Alikuwa binti wa mfugaji wa kijiji cha jirani, mrefu, mwenye vidole vyembamba visivyoweza kuona skrubu vikaiacha. Mwalimu alipotufundisha mawimbi ya sauti, Kabula alirudi nyumbani akafungua redio ya baba yake. Kesho yake mzee alifika shuleni na fimbo yake ya kuchungia, akasimama mlangoni mwa darasa letu, akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, Mwalimu."

"Mwadila, baba. Karibu ndani."

"Siingii. Huyu mtoto wenu ameifungua redio yangu."

"Imefunguka vizuri?"

Mzee alimtazama. "Imefunguka. Haijafungika."

"Basi bado hajamaliza. Mpe mpaka Jumapili."

"Na Jumapili isipofungika?"

"Nitakuja mwenyewe nikae kwako, nikuimbie."

Darasa lilicheka mpaka mzee naye akacheka. Jumapili redio ilifungika. Jumatatu Kabula alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, amekibeba kwa mikono miwili, akasema, "Baba kasema usiende kuimba."

Ninaanza na hiyo kwa sababu baadaye mzee huyo huyo alisimama kwenye mlango mwingine mbele ya Mwalimu, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

*

Alikuwa na vituko. Mwalimu wa fizikia aliyeogopa radi! Mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa, aliharakisha sentensi. Ngurumo ya kwanza ikipiga juu ya bati, alipanda mezani, akakaa katikati ya chumba, miguu ameikunja kama mtu aliyeona nyoka.

"Mwalimu, si umetufundisha radi ni umeme tu?" tulimtania.

"Ndiyo. Nyie mnaujua kwa kuusoma. Mimi umeshanirusha."

Mmoja wetu, kwao wakiamini kwamba radi hutumwa na mtu mwenye kinyongo, alimuuliza kama anakubali. Hakumcheka. Alifikiri kidogo huku mvua ikipiga bati. "Anayeituma simjui," alisema. "Inakopenda kupita napajua. Tokeni karibu na dirisha la chuma."

Mama Mwalimu, mke wake, alikuwa akilalamika mbele ya wageni kwamba hana sufuria hata moja nyumbani kwake. Ile kubwa ilikwenda kupimiwa joto la maji. Ile ndogo ilitobolewa ili tuone jinsi maji ya chini yanavyoruka mbali kuliko ya juu. "Mimi nikitaka kupika," alisema, "lazima kwanza niombe ruhusa maabara." Mwalimu aliinamisha kichwa kama mtoto, na wiki iliyofuata akabeba chujio la chai.

Hakuchapa. Lakini alikuwa mkali kwa namna yake. Ukimjibu "nadhani," alikutazama mpaka ukatamani fimbo. "Umedhani. Haya, sasa pima." Alipima kila kitu. Alipima kivuli cha mti wa bendera, uzito wa tumba la pamba kabla na baada ya kuloa, muda ambao ng'ombe anatumia kuvuka barabara dereva wa basi akipiga honi na dereva asipopiga. Kiingereza alikitumia ubaoni, kwa sababu mtihani ulikuwa wa Kiingereza, kisha akageuka na kutueleza kwa Kiswahili, na tukizidi kukodoa macho, kwa Kisukuma, akiweka ng'ombe mahali pa kila kitu: ng'ombe anayevuta, ng'ombe anayegoma, kamba iliyo katikati.

Kitu kimoja tu hakukipima, nacho ni watu. Kulikuwa na kijana darasani kwetu aliyeomba ruhusa ya msiba wa bibi yake mara nne katika mwaka mmoja. Mara ya nne darasa zima lilizika nyuso kwenye madaftari kwa kicheko. Mwalimu alimpa ruhusa, akampa na pole.

"Mwalimu, huyo bibi wa nne!" Kabula alishindwa kuvumilia.

"Huku watu wana bibi wengi," alijibu, akaendelea kufuta ubao.

Wakati ule tuliona ni upole wa mtu aliyezoea vitu kuliko watu. Neno la mwanafunzi lilimtosha. Hakulipeleka kwenye mizani.

*

Shule ilikuwa na kompyuta. Zililetwa na wafadhili, kukawa na ngoma na picha, na baada ya gari lao kuondoka zikaingizwa stoo, zikafunikwa vitambaa vya kudarizi kama makochi ya sebuleni. Kila Ijumaa mimi na Kabula tulipangusa vumbi juu ya vitambaa. Kuziwasha haikuruhusiwa. Ziliwashwa wageni walipokuja, na wageni walipoondoka zikalala tena.

Siku moja tukiwa humo na vitambaa vyetu, Mwalimu aliingia na Mkuu wa Shule, mtu mwema mwenye funguo nyingi kiunoni.

"Mkuu, wape watoto wazishike."

"Zitaharibika, Mwalimu."

"Zikiharibika tutajua zinaharibikaje."

"Na mimi nitaandika nini kwenye ripoti?"

"Andika zimetumika."

Mkuu alitikisa kichwa. Mwishowe walikubaliana jambo ambalo hadi leo sijui kama lilikuwa ushindi au kushindwa: Mwalimu angepewa moja tu, ile ambayo tayari ilikuwa imekufa. Aliibeba kifuani kama mwana wa mbuzi, akaileta darasani, akaweka bisibisi mezani. Tulitumia muhula mzima ndani ya kompyuta ile iliyokufa. Tulijua feni yake, betri yake ndogo kama kifungo, njia zake za shaba zinazopinda kama vijia vya mifugo ukivitazama kutoka mlimani. Haikuwaka kamwe. Lakini hakuna mmoja wetu aliyeogopa tena kitu kwa sababu kina kifuniko.

*

Sasa lile daftari.

Lilikuwa kaunta buku nene, amelivisha jalada la kipande cha gunia la pamba. Alilikalisha kwenye kona ya meza, na juu ya gunia alikuwa ameandika kwa wino mweusi: MAKOSA. Jaribio likifaulu, tuliandika kwenye madaftari yetu kama shule zote. Likishindikana, liliingia humo. Kila kosa lilipewa ukurasa wake, na kila ukurasa ulikuwa na mistari minne, ambayo hata leo nikiamshwa usingizini naweza kuitaja.

Tulifanya nini.

Tulitegemea nini.

Kilitokea nini.

Kwa mkono wa nani.

Aliyekosea ndiye aliyeandika, kwa mkono wake, na mstari wa nne alijaza jina lake kamili. Haikuwa adhabu. Mwalimu mwenyewe alikuwa humo kuliko yeyote. Ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa wake: alifunga dainamo kwenye baiskeli, akategemea balbu iwake, akateremka mlima kwa kasi, balbu ikaungua na yeye akaishia kwenye shamba la mahindi la watu. Kwa mkono wa Mwalimu. Chini ya kila ukurasa, baada ya kuusoma kwa sauti mbele ya darasa, aliandika neno moja kwa kalamu nyekundu: *Turudie.* Na kesho yake tulirudia.

Wageni wa shule walishangaa kuona watoto wakinyang'anyana kuandika makosa yao. Mimi nilikuwa na kurasa saba. Nilizipenda. Nadhani, na hapa naomba neno hilo niruhusiwe, ndiyo maana aliniamini. Mtu aliyetia saini makosa saba angeficha la nane kwa nini?

*

Tulikuwa kidato cha tatu. Mwalimu alitaka tutengeneze umwagiliaji wa bustani ya shule, maji yasukumwe kwa presha ya hewa yapite kwenye vimrija mpaka kwenye kila shina la mchicha. Alihitaji bomba la kupulizia dawa ya pamba, lile la kubeba mgongoni lenye mkono wa kupampu.

"Nani kwao wana bomba jipya? Nasema jipya. Lililowahi kuwekwa dawa silitaki, hata kama limeoshwa."

Niliinua mkono kabla ya wengine. Ni kweli, baba alikuwa amenunua jipya, lilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Nilishaona moyoni jinsi Mwalimu atakavyosema, "Minza katuletea." Jioni nilimwomba baba.

"Bomba la msimu ujao ukalichezee shuleni? Thubutu."

Ningeweza kurudi na kusema nimekosa. Badala yake nilichukua lile la zamani, nikaliosha mtoni kwa sabuni ya kufulia mara tatu, nikalisugua kwa mchanga, nikalianika juani. Lilitoa harufu ya nguo safi. Nilipolifikisha darasani, Mwalimu aliligeuza mikononi.

"Hili halijawahi kuwekwa dawa?"

"Halijawahi, Mwalimu."

Alinusa mdomo wa bomba. Akanitazama. "Minza, halijawahi?"

"Halijawahi."

"Wabeja," alisema, asante yetu ya nyumbani, akalijaza maji.

Mimi nilipampu. Maji hayakutoka. Kwenye mrija, mahali ambapo mikono yangu haikufika, dawa ya misimu iliyopita ilikuwa imeganda ikawa kizibo. Nilipampu tena. Mwalimu alikuwa hatua tatu mbali, ameinama akinyoosha kimrija kwenye tuta. Kabula, ambaye hakuweza kuona kitu kimegoma bila kukifuata, alipiga goti akaleta uso wake karibu na ncha ili aone kilichokwama.

Kizibo kilitoka.

Sitaeleza sauti yake. Mwalimu alimbeba mikononi mpaka kwenye bomba la maji la shule, akammwagia maji machoni bila kusimama, maji mengi, huku akimwambia, "Fumbua, ng'wana wane, fumbua, mwanangu, fumbua." Bodaboda iliwachukua wote wawili kuelekea hospitali ya Somanda, mjini Bariadi, Kabula katikati, Mwalimu nyuma amemkumbatia, koti lake limelowa likipepea kizito. Mifuko ilikuwa imejaa vitu. Vilidondoka njiani kimoja kimoja, waya, sumaku, na mimi nilikimbia nyuma yao nikiviokota mpaka wakapotea.

Jicho la kushoto halikupona.

*

Kikao kilifanyika ofisini kwa Mkuu. Palikuwa na afisa kutoka ofisi ya elimu, baba yake Kabula na fimbo yake, na baba yangu. Mimi niliitwa kwa kuwa ndimi niliyeleta bomba. Njiani baba alikuwa ameniambia neno moja tu: "Usipoulizwa, nyamaza."

Afisa alifungua faili. "Mwalimu, uliuliza kama bomba hili liliwahi kutumika?"

Nilikuwa nimesimama karibu na kabati. Nilimwona Mwalimu akiinua macho, hayakuja kwangu. Yalikwenda dirishani, kwenye bustani yenye matuta yaliyobaki makavu. Mtu aliyemkatalia kila mwanafunzi neno *nadhani*, mtu aliyesoma kosa lake la dainamo mbele ya mamia ya watoto, alisema, "Sikuuliza."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza. Nilipaswa."

Afisa aliandika. Baba yake Kabula alisimama, akaenda mpaka mlangoni, akageuka. "Mwalimu," alisema taratibu, "redio ni redio. Huyu ni mtoto." Akatoka.

Mimi sikuulizwa. Nikanyamaza.

Alipewa barua. Chumba cha vifaa kikatiwa kufuli. Mazoezi ya vitendo yakasimamishwa, na muhula uliobaki alifundisha kwa chaki peke yake, mikono nyuma, ameishika mmoja kwa mwingine kana kwamba isipozuiwa itaanza tena. Mifuko yake ilikuwa bapa. Daftari la Makosa halikuwa tena kwenye kona ya meza. Mwisho wa mwaka alihamishwa, akapelekwa shule moja upande wa Nassa, karibu na ziwa.

Kabula alirudi shuleni baada ya miezi, Mwalimu akiwa bado hajahamishwa. Alikaa tena dawati letu, upande wa kushoto, ili jicho lake zima linione. Hilo ndilo aliloniambia: "Nikikaa huku nakuona." Mwalimu alipoingia, sote tulisimama na kuitikia salamu. Kabula alisimama. Hakuitikia. Kwetu, mtu akikunyima salamu amekutoa kwenye watu. Mwalimu alisubiri kila asubuhi, nusu dakika hivi, akitazama kwenye dawati letu. Kisha akageukia ubao.

*

Miaka sita baadaye nilikwenda Nassa kwenye harusi, nikapita nyuma ya shule ile. Dirisha la darasa lilikuwa wazi. Walimu walikuwa wameshapewa vishikwambi, na shule ilikuwa na projekta. Nilimwona amesimama gizani, mwanga wa ukutani ukimpiga nusu ya uso. Ukutani bomba kubwa lililochorwa kwa rangi lilikuwa likisukuma maji ya buluu, mishale mizuri ikipanda na kushuka. Watoto walitazama kimya, kama watu walio kanisani.

"Mwalimu," msichana mmoja aliuliza, "ukilipampu, linakuwa gumu?"

Mkono wake ulikwenda mfukoni, ukakaa humo. "Linakuwa gumu," alisema. "Linakusukuma mkono urudi."

"Gumu kama nini?"

Alitazama ukuta. Hakuwahi kuvichukia vyombo hivyo; alipigania kompyuta za stoo kabla hata hatujajua panya wa kompyuta ni nini. Lakini alichokuwa akikipigania ni mikono ya watoto ifike mahali, na sasa picha ilikuwa imefika, na mikono ilikuwa imefumbatwa juu ya madawati. "Rudisheni video nyuma," alisema.

Niliondoka bila kumwamkia. Mimi ambaye sikuwa na haki ya kumnyima mtu salamu.

*

Mwaka huu nilisikia amepata kiharusi na amehamia Somanda, nyumba ya kupanga, ili awe karibu na hospitali. Nilinunua sukari na sabuni kama mtu anayekwenda kuona mgonjwa wa kawaida. Mama Mwalimu alinifungulia, akanikagua, akasema, "Wewe ni wa Dutwa," akanipisha.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki sebuleni, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto. Mbele yake kishikwambi kiliegemezwa kwenye kopo la maziwa, na ndani yake kijana mwenye koti jeupe alikuwa akifundisha mazoezi.

"Mwadila, Mwalimu."

"Mwadila, Minza." Sauti ilikuwa nzito upande mmoja, lakini jina alilitoa safi. "Kaa. Huyu daktari wa kwenye kioo ananiambia niinue mkono. Nainua. Ananisifu, 'vizuri sana.' Nisipoinua pia ananisifu."

Nilicheka, kisha nikaona mkono ule juu ya mto, makovu yake bado yanang'aa, umetulia. Sikuwahi kuuona umetulia. Kicheko kiliniishia.

"Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya lile bomba."

"Najua. Nilidhani ungekuja kabla hujamaliza kidato cha nne." Akageuza shingo. "Mama, nipe lile gunia."

Mama Mwalimu aliingia ndani, akatoka na daftari. Jalada lilikuwa limechakaa, nyuzi zimeachia pembeni. Alinifungulia mwenyewe ukurasa, nikaona hati ya Mwalimu ya enzi zile, imesimama wima. *Tulifanya nini: tulisukuma maji kwa bomba la dawa ya pamba.* Mstari wa pili haukujazwa. *Kilitokea nini: Kabula amepoteza jicho la kushoto.* Mstari wa nne haukujazwa.

"Kwenye kikao ulisema hukuuliza," nilisema.

"Pale palikuwa na faili. Ulikuwa na umri gani? Jina likiingia kwenye faili halitoki. Humu ni mahali pengine." Alipumua kidogo. "Kwa hiyo nilidanganya. Na Kabula akaamini kwamba mwalimu wake hakujali hata kuuliza. Hilo sikulipima."

Alinisogezea kalamu kwa mkono wa kushoto. Mstari wa nne niliujaza upesi. Nilikuwa nimeuandika kichwani miaka tisa. Jina langu, la baba, la ukoo. Mstari wa pili ndio ulionishinda. Tulitegemea nini. Niliandika kwamba nilitegemea sabuni ingetosha, nikafuta, kwa kuwa sikuwa nimewaza habari ya sabuni. Mama Mwalimu alileta chai, ikapoa. Mwishowe niliandika: *Nilitegemea Mwalimu anisifu.*

Aliusoma ukurasa wote, midomo ikichezacheza. Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni mwa shati lake, niliiona tangu nilipoingia. Nikasubiri. Chini ya kila kosa, tangu lile la dainamo, aliandika *Turudie*. Alitazama sehemu ile tupu chini ya jina langu.

Hakuandika kitu. Alilifunga daftari, akalisukuma kuelekea kwangu, kama alivyokuwa akisukuma sumaku.

"Mpelekee."

"Mwalimu, Kabula atanichukia."

"Huo ni mstari wa pili," alisema. "Wa tatu bado hujauona."

*

Kabula ana cherehani kwenye kibanda cha bati pale Dutwa, na kioo kikubwa cha kukuzia alichokifunga kwenye taa kwa waya. Alikitengeneza mwenyewe. Nilimkuta anatia kola kwenye sare ya shule. Alinifurahia, akanivutia stuli upande wa kulia. Nilimsomea ukurasa ule kwa sauti, mistari yote minne, kama tulivyosomewa darasani. Kisha nikamweleza habari ya ofisi ya Mkuu, na nyumba ya Somanda nilikomkuta Mwalimu.

Cherehani ilikuwa imesimama.

"Aliuliza?" alisema.

"Aliuliza. Mara mbili."

Nilitegemea aseme juu ya jicho. Nilitegemea anipige. Alichomoa sindano kwenye kitambaa, akaikita kwenye kimto chake polepole, ikakikosa, akaikita tena.

"Miaka tisa," alisema, "sijamwamkia yule mzee."

Alivua futi shingoni, akajifunga kitenge, akatoka barabarani na kusimamisha bodaboda ya kwenda Bariadi. Hakuniambia twende. Hakunitazama. Aliniachia ufunguo wa kibanda juu ya meza, kama mtu anavyomwachia yeyote aliye karibu.

Jioni Mama Mwalimu alinipigia simu. Alisema binti alisimama mlangoni, akasema, "Mwadila, Mwalimu," na mzee alijaribu kusimama ili aitikie, akashindwa, akaitikia akiwa ameshikilia kiti. Alisema walikaa muda mrefu. Waliyozungumza hakuniambia, nami sikuuliza.

Kabula hajanipigia mpaka leo. Kibanda nilikifunga, ufunguo nikampa jirani yake muuza mitumba. Daftari ninalo mimi. Nimefungua ukurasa mpya, wa kunyamaza kwangu miaka tisa, nikajaza mistari yote minne bila kupamba, na jina langu liko mahali pake. Chini yake, pale pa kalamu nyekundu, pako wazi.